Ndevu za Clovis na Anguko la Radi

Clovis Ndihokubwayo ni kinyozi wa mtaa wa Kilibula, na kwa miaka tisa alikuwa na ndevu ndefu kuliko mtu yeyote aliyeketi kwenye kiti chake. Wageni walidhani ameingia dini mpya. Wenyeji tulijua kwamba yuko kwenye kilio. Siku Radi ya Kimanga ilipoifunga Mawimbi, timu yetu ya Kilibula, mabao manne kwa bila, Clovis alisimama katikati ya uwanja akaapa kwamba wembe hautamgusa kidevu mpaka Radi ianguke mbele ya Mawimbi.

Kiapo hicho kina sheria yake. Ndevu za kilio hazinyolewi na mwenyewe wala na mkewe. Hunyolewa na shabiki wa timu iliyoanguka, nyumbani kwa shabiki huyo, mchana, watu wakiona. Walioanzisha desturi hii hawakuwa wajinga. Mtu akishakuachia koo lake na wembe, hamwezi tena kurushiana mawe. Leo ni nani anayeijua? Vijana wetu wanalilia timu za Ulaya, mahali ambapo hawana shemeji wala jirani. Timu yao ikishinda, hawana mlango wa kwenda kubisha.

Clovis alikuwa na mlango. Shabiki mkubwa wa Radi ni Frédéric Hatungimana, kaka ya mke wake Josée. Kwa miaka tisa, kila baada ya mechi, Frédéric alikuja Kilibula na kuketi kwenye kiti cha kinyozi.

"Shemeji, nipunguzie kidogo tu," alikuwa akisema. "Nywele zangu haziko na kilio."

Mwaka huu Délice, binti wa kwanza wa Clovis na Josée, alichumbiwa na Lionel, mkulima kijana wa Katogota. Harusi ilipangwa Jumamosi. Mechi ya Radi na Mawimbi iliangukia Jumapili ya kabla yake.

"Papa," Délice alimwambia, "minye sitaingia kanisani na papa mwenye kufanana na mbuzi."

"Basi omba Mungu Radi ianguke."

"Baba Délice, na kama haianguke?" Josée aliuliza.

"Utaingia na mbuzi."

Mambo yalisimama hapo. Clovis hakuwa na wasiwasi, au hakuuonyesha. Alinunua wembe mpya akauweka mfukoni.

Jumapili, dakika chache kabla ya mwisho, kona ilipigwa, mpira ukamgonga mchezaji wetu Pitchou mahali fulani kati ya bega na kiwiko, ukaingia. Mwamuzi akaonyesha katikati. Moja kwa bila. Radi ilianguka.

Nimeishi miaka mingi, na nimesoma vitabu vingi kuliko walimu walionifukuza shule, lakini sijawahi kusikia kelele kama zile. Hazikuwa za watu wa Kilibula peke yao. Watu wa mtaa wa Mulongwe walipiga kelele, na wa mtaa wa Kalundu, na mama mmoja muuza ndizi asiyejua mpira una wachezaji wangapi alitupa kitambaa chake juu. Wengine watasema ni wivu. Mimi nasema hapana. Radi ilikuwa imetufunga wote, na kila aliyefungwa alikuwa amebeba aibu yake peke yake, kimya. Siku ile tuliona kwamba ilikuwa aibu moja, ya wote, na tukaitua pamoja. Tena mtu asiyeanguka kamwe anatisha. Akianguka, unajua kumbe naye ana magoti kama wewe.

Jumatatu mchana Clovis alikwenda Kimanga kwa miguu, na wembe, sabuni na taulo begani. Tulimfuata watu kama ishirini. Mlango wa Frédéric ulikuwa umefungwa.

"Shemeji! Nimeleta kidevu nyumbani kwako!"

"Frédéric haiko," sauti ya Frédéric ilijibu.

Tulicheka mpaka majirani wakatoka. Mwishowe alifungua, akaleta kiti, akampaka Clovis sabuni. Alinyoa shavu la kulia taratibu mpaka katikati ya kidevu, likang'aa. Kisha akafunga wembe.

"Bado kushoto," Clovis alisema.

"Ile goli iliingia na mkono. Sema iliingia na mkono, namaliza."

"Iliingia na bega."

"Basi weye umeshinda nusu. Nusu nimekunyolea."

Clovis alirudi Kilibula hivyo hivyo, upande mmoja askofu, upande mwingine mwizi wa porini. Josée aliposikia alishika kichwa.

"Jinyoe tu! Nani atakuona?"

"Miaka tisa, Mama Délice. Sitaiharibu kwa siku tano."

"Sema basi neno moja kwa kaka yangu!"

"Neno la uongo?"

Délice alilia Jumanne, Jumatano akanyamaza, Alhamisi akaanza kucheka kila alipomtazama baba yake, na hapo nikajua harusi itakuwepo.

Jumamosi Clovis aliingia kanisani amemshika binti yake mkono, na upande wenye ndevu ukiwa upande wa ukoo wa Lionel. Ni watu wa tambarare, walima mpunga na mihogo, ambao hawakuwa wamesikia habari ya mechi yoyote. Wazee wao walinong'onezana. Hata padri alisita katikati ya kusoma.

Nje ya kanisa mjomba wa bibi harusi, yaani Frédéric mwenyewe, alisimama karibu na Clovis kupokea wageni. Kila mkono uliotolewa ulikuja na swali lile lile.

"Muzee, ndevu imekuwa namna gani?"

"Radi ya Kimanga ilianguka," Clovis alijibu kwa heshima. "Huyu shemeji yangu ni wa Radi. Atawaelezea."

Mtu wa kwanza, wa pili, wa kumi. Katogota nzima ilikuwa inajifunza jina la Radi kwa kuanguka kwake. Shangazi mzee wa Lionel aliomba aelezewe mara mbili, maana hasikii vizuri, na Frédéric ilimbidi apige kelele mbele ya kanisa: "Tulifungwa, mama! Tulifungwa!"

Frédéric alipoona mpiga picha anatengeneza kamera, alimshika Clovis mkono.

"Wembe uko wapi?"

"Mfukoni. Na goli?"

"Njo hapa, nyamaza."

Alimnyoa nyuma ya kanisa, bila sabuni, kwa haraka, sisi tukiwa tumewazunguka. Frédéric si kinyozi. Alimkata mahali pawili. Kwenye picha ya harusi Clovis ameinua kidevu chake cheupe chenye vipande viwili vya pamba, kama mtu anayeonyesha medali.