Pini Iliyofungukia Chini

Ukiwauliza watu wa Birkenrod habari za Ottilie Denner, walianza na mikono yake. Alikuwa mchonga mabakuli ya mti kwenye karakana ya ushirika, na vidole vyake vilikuwa vinene, vigumu, kama vya mkata magogo. Kisha wangekuambia kwamba hakuolewa. Na kama ni watu waliokuzoea, wangepunguza sauti na kuongeza kwamba siku za jua hutoka na kikombe chake cha kahawa, akasimama nyuma ya banda la kuku, akatazama magharibi mpaka kahawa ipoe.

Magharibi ulikuwa mpaka. Ua wa nyaya ulipita mwisho wa shamba la kaka yake, na ng'ambo ya ua, mabonde mawili mbele, ulisimama mlima Wasserkuppe. Juu ya mlima ule ndege zisizo na injini zilizunguka kimya, nyeupe, kama karatasi zilizoponyoka mkononi mwa mtu. Kwa macho mlima ulikuwa karibu. Kwa miguu, ulikuwa mbali kuliko Moscow. Moscow Ottilie aliwahi kufika, alipelekwa na karakana pamoja na wafanyakazi bora. Wasserkuppe, kwa mtu wa upande wa Mashariki, haikufikika.

Kabla ya vita kuisha hapakuwa na ua wala pande. Ottilie alikuwa na miaka kumi na tisa alipocheza dansi, kwenye sikukuu ya kanisa, na kijana aliyeitwa Alfons Gebauer. Alfons alikuwa yatima kutoka jimbo la Silesia. Alikuja milima hii kujifunza kuruka bila injini, na jeshi likawachukua vijana kama yeye na kuwapa ndege kubwa za mbao na turubai, za kubeba askari na mizigo. Ndege hizo zilivutwa mpaka juu ya adui, zikaachiliwa, zikashuka. Kupanda tena hazikuweza.

Kifuani Alfons alivaa beji ya marubani hao: taji la majani ya mwaloni, alama ya Wanazi chini yake, na tai anayepaa katikati. Alipokuja likizo mwaka arobaini na mbili akasaidia kuvuna nyasi, na pini ya beji ikakatika. Baba yake Ottilie, mzee Valentin, alikuwa mhunzi. Akachukua kipande cha kengele ya ng'ombe iliyovunjika, akakiyeyusha, akalehemu pini ile kwa tone la shaba ya njano. Ila aliiweka kichwa chini. Pini za beji zote zilifungukia juu. Hii ikawa inafungukia chini.

"Mzee, umenigeuzia tai wangu," Alfons alisema.

"Hajageuka tai," Valentin alijibu. "Imegeuka kufuli. Vaa, usinisumbue. Siku ukimwoa huyu binti nitakutengenezea nyingine."

Mwaka uliofuata rubani mwenzake alifika Birkenrod na magongo mawili. Alikataa kuketi. Alisema Alfons alishuka na ndege yake upande wa mto Kuban, huko Urusi, na hakurudi.

"Ulimwona akianguka?" Ottilie aliuliza.

"Nilimwona akishuka, dada. Baada ya hapo kulikuwa na moshi tu."

Mchumba si mke. Jeshi halikuwa na habari yoyote kwa ajili ya mchumba. Ottilie akabaki na maneno yale ya mtu wa magongo. Baba yake akafa, ua ukajengwa, nchi ikawa mbili, na vijana waliotaka kumwoa wakaoa wengine.

Ua ulipofunguliwa, mwishoni mwa mwaka themanini na tisa, mpwa wake Gerlinde, binti wa kaka yake, alimpakia kwenye gari lake dogo wakaenda Fulda, mji wa upande wa Magharibi, kama watu wote. Wengine walikimbilia ndizi na kahawa nzuri, vitu vilivyokuwa adimu upande wao. Ottilie alipotea. Gerlinde alimkuta kwenye gulio la vitu vikuukuu, ameinama juu ya meza ya mtu aliyeuza medali, ameshika beji kama ile ya Alfons. Muuzaji alikuwa amebandika kikaratasi chekundu juu ya alama ya Wanazi, maana sheria ya kule ilitaka hivyo.

"Shangazi! Weka chini hicho kitu. Watu watakuonaje?"

"Wataniona bibi kizee aliyeshika bati."

"Bati la Wanazi! Unajua walikuwa wanabeba nini kwenye ndege zile?"

"Najua. Walibeba askari na baruti kwenye nchi za watu. Mimi nilikuwepo, Gerlinde. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Hiyo alama iliyobandikwa siitaki, na hao walioiweka siwataki. Mimi nakitaka kilichokuwa nyuma ya beji."

"Nyuma yake kuna nini?"

"Kifua," alisema Ottilie, akafungua pochi.

Ndivyo alivyoanza. Kila Jumamosi barabara zilipokuwa hazina barafu, alikwenda Fulda kwa basi. Wakusanyaji wa beji ni wanaume watupu, tena wanaume wanaopenda kubishana, na mwanzoni walimcheka. Aliyemkaribisha ni Burkhard Staudt, mjane, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akiwatafiti marubani wale na viwanda vilivyowatengenezea beji zao. Ottilie alimwita Mwalimu tangu siku ya kwanza. Mwalimu Staudt alimfundisha kwamba beji za mwanzo zilikuwa za shaba iliyopakwa fedha, nzito, na mng'aro wake haujafa mpaka leo. Vita vilipokuwa vibaya, viwanda vikatumia zinki, na hizo sasa zimekuwa za kijivu na zimetoka malengelenge kama ngozi ya mgonjwa. Alimfundisha kuzijua za bandia, ambazo tai wake ana manyoya yaliyolala kama ya kuku aliyenyeshewa.

"Kila mtu hutazama uso kwanza," Mwalimu alimwambia siku moja. "Wewe peke yako unaanza na mgongo. Kwa nini?"

Akamweleza habari za kengele ya ng'ombe. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Bi Ottilie, beji iliyolehemiwa, kwetu sisi wakusanyaji, ni kama ng'ombe wa miguu mitatu. Hakuna anayeitaka."

"Hata ng'ombe huyo ana mwenyewe, Mwalimu. Na hiyo yangu haiuzwi popote. Iko chini ya udongo wa Urusi."

Hakuwa akiitafuta, basi. Alikuwa akishika zilizofanana nayo. Usiku wa baridi aliziweka mezani juu ya kitambaa kilichotariziwa, akazigusa moja moja, na akikumbuka vizuri aliweza kusikia harufu ya nyasi zilizokatwa kwenye shati la mtu.

Vuli ya mwaka tisini na tatu alikuwa amesimama kwenye kibanda cha soseji pale gulioni, haradali mdomoni, Mwalimu Staudt akaja amevua kofia.

"Bi Ottilie, njoo. Usikimbie, ila njoo."

Alimpeleka kwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwenye boksi moja tu la vitu vya nyumbani: saa, miwani ya rubani, mikanda. Mwalimu akampa Ottilie beji kutoka kwenye boksi, naye, kwa mazoea yake, akaigeuza. Palikuwa na tone la shaba ya njano. Pini ilifungukia chini.

Akaketi juu ya kreti la sahani za mtu mwingine, na mwenye sahani akaona uso wake akamwacha.

"Umeipata wapi hii?"

"Ya baba yangu," alisema yule mwanamume. "Alfons Gebauer. Mimi Rainer. Tunatoa vitu vyake nyumbani, mama naye ametutoka mwaka huu."

"Baba yako amekufa lini?"

"Themanini na tatu. Moyo. Alikuwa anauza majiko hapo Gersfeld."

Gersfeld ni mji ulio chini ya Wasserkuppe. Kutoka kwenye banda la kuku la Birkenrod, ukijua pa kutazama, jioni utaona taa zake zikigusa mawingu.

"Hakufia Urusi," Ottilie alisema.

"Hapana, mama. Alijeruhiwa, wakamrudisha. Akamwoa mama yangu, muuguzi wake." Rainer akaonyesha lile tone la shaba. "Samahani kwa hili. Alisema lililehemiwa na mhunzi mmoja mlevi, huko Urusi."

Ottilie alipitisha kidole juu ya lile tone.

"Baba yangu hakuwa anakunywa," alisema. Akamrudishia, akainuka, akaenda kituo cha basi bila kuaga.

Majira yale ya baridi hakwenda Fulda. Gerlinde, aliyekuwa amechukia beji zile miaka yote, sasa ndiye aliyewaka.

"Mshenzi! Baada ya vita mpaka ulikuwa haujafungwa sawasawa, watu walikuwa wanavuka kila wiki kubadilishana viazi. Angekuja hata kusema, 'Nimeoa, kwaheri.' Angekufa?"

"Angeona haya."

"Basi na aone haya huko aliko! Wewe usimtetee."

"Simtetei." Ottilie alikuwa anamenya viazi, na kisu kikasimama. "Nimelilia maiti ujana wangu wote, Gerlinde. Kumbe maiti mwenyewe yuko mlima wa pili, anakula madonge ya viazi na mkewe, anaongeza mchuzi." Akaanza kucheka, na Gerlinde naye akacheka, mpaka wote wawili wakawa wanalia juu ya viazi.

Alidhani hasira itaifukuza hamu. Hasira ilikuja kweli, ikavuta kiti chake ikaketi. Lakini hamu haikuondoka kwenye kiti chake. Zamani alimtamani kijana aliyekufa. Sasa alimtamani yule mwanamume mzima asiyewahi kumwona, mwenye duka la majiko, mwenye upara pengine, aliyeweza kuja na hakuja. Huyu alikuwa mgumu kuliko marehemu, kwa sababu marehemu hana kosa.

Theluji ilipoyeyuka, Rainer Gebauer alisimamisha gari mbele ya nyumba yao. Mwalimu Staudt ndiye aliyemwelekeza. Alikaa jikoni, akala keki ya plamu aliyowekewa, akageuza kikombe mkononi.

"Mama, nimekuja kuuliza. Ulikuwa nani kwa baba yangu?"

"Mchumba."

Rainer aliweka kikombe chini. Kisha akatoa beji mfukoni, akaiweka mezani. "Basi hii ni yako. Mimi sikujua, naapa. Nyumbani hakuwahi kulitaja jina lako."

"Usiape kwa kosa lisilo lako," Ottilie alisema. Akaisukuma beji kwa kidole kimoja, ikarudi upande wa mgeni. "Hii alimpa baba yangu aitengeneze, kisha akaivaa akaondoka nayo. Ilikuwa yake, sasa ni yako. Wewe unaruka?"

"Tangu nina miaka kumi na minne. Yeye ndiye aliyenifundisha."

"Basi nipandishe."

Gerlinde alisema shangazi yake amerukwa na akili. Lakini Jumapili moja ya mwezi wa tano, yule bibi wa miaka sabini na kitu alifungwa mikanda kwenye kiti cha mbele cha ndege isiyo na injini, juu ya mlima aliokuwa ameutazama maisha yake yote. Kamba ya kuivuta ndege ikakaza, nyasi zikakimbia. Kisha kamba ikaachia, na hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa upepo.

Hakuogopa. Aliona Gersfeld na mapaa yake mekundu, akaona mabonde, na mbali kidogo mstari mrefu msituni ambako ua ulikuwa umeng'olewa na miti bado haijaota. Nyuma ya mstari ule, ndogo kama makombo mezani, ilikuwa Birkenrod.

Rainer alianza kuinamisha bawa kugeuka, kisha akasita.

"Nimezoea," alisema nyuma yake. "Baba alikuwa anageuka hapa. Kila mara, hapa hapa. Tuliruhusiwa kwenda mbele zaidi, lakini yeye hakwenda. Nikimwuliza, anasema hewa ya hapa ni mbaya."

"Ni mbaya?"

"Hapana, mama. Hewa ya hapa ni nzuri kuliko zote. Inakubeba yenyewe."

Machozi yalimtoka Ottilie na hakuyafuta, maana aliyekuwepo alikuwa nyuma na asingeyaona. Kutoka pale mtu mwenye macho ya rubani angeweza kuziona nyumba zote. Angeuona moshi wa dohani ya kaka yake. Kama alitaka, angeweza kumwona hata mwanamke amesimama nyuma ya banda. Kama alitaka. Hilo hakuna mtu wa kumwambia, si Rainer wala beji.

"Usigeuke," alisema. "Nenda."

Wakapita juu ya mstari wa msituni. Ndege ikaelea juu ya shamba, kuku wakatawanyika wakidhani ni mwewe, na Gerlinde akatoka jikoni akipunga taulo na kupiga kelele zisizofika juu. Rainer alizunguka mara kadhaa, polepole. Ottilie aliangalia pale mahali pake nyuma ya banda, pakiwa patupu, nyasi zimelala kwa kukanyagwa. Palikuwa padogo sana.

Waliendelea kujuana na Rainer. Alikuja Krismasi na watoto wake, na mdogo wao alimwita bibi bila kufundishwa. Fulda nako Ottilie alirudi, Jumamosi kwa Jumamosi, na bado alianza na mgongo wa kila beji, ingawa sasa hakukuwa na sababu. Mwalimu Staudt alimwambia ni ugonjwa, na yeye akasema basi ni ugonjwa.

Kwenye meza ya kibanda kile kile cha soseji, kiangazi kilichofuata, Mwalimu alivua kofia tena, safari hii kwa ajili yake mwenyewe, akamwuliza kama angekubali kuhamia Fulda kwake.

"Mwalimu," Ottilie alisema, "mimi nimezoea kumkosa mtu. Ndiyo kazi niliyoifanya muda mrefu kuliko kuchonga. Ukinioa, nitamkosa nani?"

Mwalimu alifikiri, akafuta haradali kwenye masharubu.

"Mimi," alisema. "Asubuhi, nikienda kununua gazeti."

Ottilie alicheka mpaka akashika meza kwa mikono yake yote miwili. Hakusema ndiyo, siku ile wala baadaye. Lakini alipopanda basi la jioni, alikaa upande wa dirisha, akamtazama amesimama pale kituoni na kofia yake mkononi mpaka kona ikamficha.