Machela Inakuja

Jengo lile nililichora mimi. Lilimwachia shangazi yangu mguu mfupi hadi kufa kwake, likamfukuzisha kazi mtu asiye na kosa, na mimi likanipandisha cheo. Nimeandika makala nyingi kuhusu makosa ya watu wengine, na wasomaji huniambia nina jicho kali. Hili la kwangu nimekuwa nikilizunguka.

Ilikuwa miaka ya Operesheni Vijiji. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu karibuni, suruali pana chini, kalamu tatu mfukoni, na imani kwamba Tanzania ilikuwa ikisubiri rula yangu. Nilipangiwa Same, nyumbani kwetu, na kazi yangu ya kwanza kubwa ikawa hiyo: vijiji viwili jirani, kimoja mlimani upande wa Suji, kingine tambarare upande wa Makanya, vijenge kwa pamoja jengo moja la usalama. Liwe na chumba cha mgambo, chumba cha askari polisi atakayefika mara mbili kwa wiki, chumba cha huduma ya kwanza, na ghala la vifaa vya dharura. Halmashauri mbili chini ya bati moja. Niliona huo ndio Ujamaa wenyewe.

Mkutano wa kwanza ulikuwa wa kuamua mahali. Mwenyekiti wa kijiji cha juu alisema jengo liwe juu, kwa sababu wezi wakitoka njia kuu hupanda kujificha mlimani.

"Mwizi gani apande mlima ule?" akajibu mwenyekiti wa chini. "Wezi wana akili, ndugu yangu. Wanaopanda ni nyie tu."

"Tunapanda kwa sababu ndiko maji yaliko. Nyie mnasubiri yashuke."

Watu walicheka, lakini si sana, maana suala la maji halikuwa mzaha kati ya vijiji vile. Walibishana hadi alasiri. Mwishowe nikatandaza ramani juu ya meza, nikavuta uzi kutoka ofisi ya kijiji kimoja hadi ofisi ya kingine, nikaukunja nusu kwa nusu, nikachomeka pini katikati. Nikasema, hapa. Pini ilisimama kwenye mteremko ambapo hapakuishi mtu, hapakuwa na kisima, wala pa kukalia isipokuwa jiwe. Wote wakakubali papo hapo, kwa kuwa hakuna aliyeshinda. Nilirudi Same nimevimba kichwa. Nilikuwa nimepima mita. Kwamba mita moja ya kupanda si sawa na mita moja ya kushuka ni jambo ambalo kila mbuzi wa Upare analijua, nami nilizaliwa kule kule.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa ghala. Tangu zamani kila kitongoji cha juu kilikuwa na machela yake, miti miwili na kamba zilizosukwa, ikining'inia chini ya upenu wa nyumba fulani. Mtu akiugua, yowe linapigwa, machela inashushwa upenuni, mgonjwa anaanza safari. Watu wa chini wakisikia yowe wanaanza kupanda bila kuitwa, na wakikutana njiani wanapokezana mabega. Hakuna aliyeandika utaratibu huo popote, kwa hiyo mimi sikuuona. Nilichoona nilipokwenda kukagua ni machela moja iliyoliwa na mchwa na nyingine iliyoanikiwa mahindi. Nikaandika kwamba vifaa vya dharura vimetawanyika na havitunzwi, vikusanywe vyote kwenye jengo, vihesabiwe, vifungiwe.

Siku mgambo walipokuja kuchukua machela ya kitongoji cha shangazi, dada wa marehemu baba yangu, nilikuwa nimekaa jikoni kwake nikila makande. Alinilea tangu nikiwa na miaka sita. Aliniita baba, kama shangazi wengi wanavyowaita watoto wa kaka zao, na hakuna aliyeweza kulitamka neno hilo kwa heshima ndogo kuliko yeye.

"Baba, mgonjwa akiwa huku na machela iko kule chini, nani anamfuata mwenzake?"

"Kutakuwa na utaratibu, shangazi."

"Huo utaratibu una miguu?"

Nilicheka. Nilipofika Same niliwasimulia wenzangu ofisini, nao wakacheka. Niliyasimulia hayo kama mfano wa jinsi elimu ya watu wazima ilivyobaki na kazi kubwa.

Jengo lilijengwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja kama ya kukarabati mfereji. Watu wa juu walishusha mawe, wa chini walipandisha mchanga, na nadhani zile ndizo wiki pekee vijiji vile vilipopendana. Kwenye mchoro wa kwanza kulikuwa na gata na tangi la maji ya mvua. Niliviondoa kwa sababu tangi liliziba uso wa jengo. Naona aibu kuandika sentensi hiyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Uso ulipendeza.

Mtunza ghala alipatikana kutoka kijiji cha chini. Alikuwa mtu wa Kigoma, alikuja ujana wake kukata mkonge, akaoa, mkataba ulipokwisha akabaki. Watu walimwita Manamba, kama walivyowaita wote waliokuja na treni kwenda mashambani. Alikuwa mnyofu kupita kiasi. Ufunguo aliufunga shingoni kwa uzi wa katani na hata kuoga alioga nao.

Asubuhi moja ya masika shangazi alikwenda kwenye ndiva, lile bwawa dogo ambalo kila mmoja hufungulia maji ya shamba kwa zamu yake. Aliteleza kwenye jiwe la ukingo, akavunjika paja. Majirani walimbeba hadi barazani. Vijana wawili wakatumwa jengoni kufuata machela.

Walikuta pamefungwa. Manamba alikuwa ameshuka kijijini kuteka maji, maana jengo halikuwa na tone. Mmoja akabaki mlangoni, mwingine akaendelea kushuka mpaka akamkuta. Manamba alitupa ndoo, akapanda mbio. Wakatoa machela, wakaanza kuipandisha mlimani ikiwa tupu, huku mvua ikianza.

Na kule juu watu walikaa wakingoja. Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Wangeweza kukata miti miwili wakafunga shuka. Wangeweza kung'oa mlango. Mwaka mmoja nyuma wangefanya hivyo kabla hujamaliza kuvaa viatu. Lakini kila aliyefika barazani aliambiwa, machela inakuja, naye akaketi. Yowe pia halikupigwa, kwa sababu kuita msaada sasa ilikuwa kazi ya jengo, na jengo lilikuwa na filimbi. Watu wa chini hawakupanda, kwani hawakusikia kitu.

Walimshusha saa nane mchana kwenye njia iliyogeuka utelezi. Walipita mbele ya jengo bila kusimama. Kwenye chumba cha huduma ya kwanza kulikuwa na chupa ya ayodini na picha ya mifupa ya binadamu. Walipofika barabarani, lori pekee lililokubali abiria siku ile lilikuwa limekwisha kupita. Alilala kijiji cha chini na paja limevimba, akapata gari la kumfikisha hospitali kesho yake jioni. Mganga alifanya alichoweza. Mfupa uliunga vibaya, na mguu mmoja ukawa mfupi. Mlima ukawa umemshinda. Nikamchukua nyumbani kwangu Same, akaishi nami.

Baada ya wiki tatu halmashauri zote mbili zilikutana uwanjani mwa jengo. Nami nilialikwa kama mtaalamu, nikapewa kiti chenye mgongo.

"Manamba, ulikuwa wapi siku ile?" akauliza mwenyekiti wa juu.

"Nilikwenda kuteka maji, ndugu mwenyekiti."

"Siku ya mvua?" sauti ikatoka nyuma, watu wakacheka.

"Mvua ilikuja baadaye. Na hata ikija, hapa hakuna cha kuikingia."

"Kule Kigoma mnakinga kwa midomo?"

Manamba akanitazama. Sikuona lawama usoni mwake. Alinitazama kama mtu anayemngoja mwenzake amalizie maneno. Mwenyekiti akasema, "Ndugu mtaalamu, wewe unasemaje?"

Nilijua. Sina kisingizio cha kutokujua, maana shangazi alikwisha kuniambia kila hatua akiwa kitandani. Ningesema, mimi ndiye niliyeziondoa machela kwenye mapenu na maji kwenye jengo. Maneno kumi hivi. Badala yake nilisimama nikasema, "Suala la ufunguo ni suala la nidhamu."

Manamba alivua ule uzi shingoni, akauweka mezani. Mwezi uliofuata alirudi kwenye mkonge na mkewe. Taarifa yangu ya tukio hilo ilisifiwa kwa uwazi wake, nami nikapandishwa cheo.

Shangazi aliniuliza jioni ya mkutano ule, "Umewaambia?"

"Nimewaambia nini?"

Hakurudia. Ila kila mara aliposikia mtu anakwenda upande wa mashamba ya mkonge, alimwagiza aulize habari za yule mtu wa Kigoma. Mwaka wa tisa akapata jibu, akaniambia nimpeleke. Nikasema gari la ofisi haliruhusiwi kwa safari binafsi. Akaanza kujifunga kanga aende kwa miguu, kwa mguu ule. Nikampeleka.

Tulimkuta nje ya chumba chake kambini, mkewe kando akichambua maharage. Alikuwa amezeeka kuliko miaka iliyopita. Alipomtambua shangazi aliinuka, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mguu unaendeleaje? Nisamehe. Siku ile ningechota haraka, usingekuwa hivyo."

Alikuwa ameamini. Miaka tisa mtu yule aliamka kila asubuhi kwenda kukata mkonge akijua kwamba yeye ndiye aliyemlemaza mwanamke.

Shangazi alinigeukia. Nikakohoa, nikaanza kusema kwamba katika upangaji wa awali kulikuwa na mapungufu fulani ya kimfumo.

"Sema vizuri, baba," akasema shangazi.

Nikasema. Nilieleza kuhusu mapenu, tangi, mkutano, na kwamba nilijua nilipokuwa nimekaa kwenye kile kiti. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa kwa upole.

"Mzee, unasema hivyo kwa wema wako. Lakini ufunguo nilikuwa nao mimi."

Nikarudia. Akanikaribisha chai.

Tukiwa njiani kurudi, tulipofika Makanya, shangazi akaniuliza kama nilimwona yule mkewe, jinsi alivyoacha kuchambua na kunitazama tangu nilipoanza kusema mpaka tulipoondoka.

Nilimwona.