Karatasi Chini ya Kabureta

"Shangazi, mbona huzimi gari hata ukiwa unakula?"

Binti alikuwa na miaka saba, ameketi ndani ya lori akining'iniza miguu. Shangazi yake alitafuna taratibu, injini ikitikisa sahani mapajani mwake, akasema, "Kula, mwanangu. Mdomo una kazi moja kwa wakati mmoja." Hapo maswali yakafungwa.

Shangazi alikuwa mjane. Lori la petroli aliloachiwa na mumewe lilikuwa limemzidi umri, na kwa hilo alibeba matofali kutoka tanuruni hadi kwenye viwanja vya ujenzi. Asubuhi, injini ikiwa baridi, ilishika kwa mguso mmoja tu wa stata. Ikizimwa ikiwa na joto, hata kwa robo saa, ilikohoa, ikanuka petroli, ikagoma. Basi aliiacha ingurume tangu kunapokucha hadi jioni. Wapakiaji wakambandika jina la Mama Ngurumo. Aliliitikia bila kucheka wala kununa.

Binti alipofika kidato cha pili, mwenye tanuru alitoa amri: hapakii tena gari lililowashwa, kwani mpakiaji mmoja alinusurika kukanyagwa. Shangazi alibakiwa na wiki moja. Ama lori lizimwe na kuwaka tena, ama kazi imekwisha.

Likizo ilikuwa imeanza, kwa hiyo binti alimsindikiza gereji.

"Shikamoo, mama," fundi alisema akifuta mikono. "Umeniletea tena huyu mzee mwenye kiburi?"

"Marahaba. Safari hii akikushinda, mkatekate uuze vyuma chakavu."

"Plagi nimebadilisha, koili nimebadilisha, betri mpya. Nimebakiza kubadilisha dereva."

Shangazi alifungua boneti mwenyewe. Fundi akainama kuchungulia.

"Ikigoma," binti aliuliza, "inakosa petroli au inazidiwa nayo?"

Kila mara lori lililetwa kwa fundi asubuhi, likiwa baridi na lenye adabu. Ugonjwa wenyewe hakuwahi kuuona. Safari hii waliliacha lingurume hadi boneti ikachoma mkono, ndipo wakalizima na kufungua kifuniko cha chujio la hewa. Binti akamulika tochi ndani ya koo la kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa. Hakuna kilichokuwa kikizunguka, lakini petroli ilitokota na kudondokea ndani ya injini, tone baada ya tone.

"Inachemka," alisema. "Nani anaipika?"

Fundi akaing'oa kabureta. Chini yake palistahili kuwa na kipande kinene kama kidole, cha kuzuia joto la injini lisipande juu. Palikuwa na karatasi ngumu tu, imelowa mafuta, na maandishi ya boksi la sabuni bado yakisomeka.

"Ni kazi ya nani hii?"

Shangazi aliishika karatasi kwa vidole viwili. "Yangu. Kile cha mwanzo kilipasuka. Nilikata hii kwa mkasi wa jikoni, nikasema itanisogeza wiki moja."

Fundi alipata kipande kizima kwenye lori bovu lililokuwa nyuma ya gereji, akakifunga, wakapasha injini, wakaizima. Shangazi na binti walikaa ndani robo saa nzima, karatasi ikiwa juu ya goti la shangazi. Kisha akapiga stata.

Ikashika.

Fundi aliinua kidole gumba. Shangazi aliisikiliza kidogo, akaizima tena mwenyewe. Kukawa kimya.

"Uliwahi kuniuliza mbona siizimi."

"Nilikuwa mdogo, shangazi."

"Niliizima njiani mara moja, baada ya kuweka karatasi hii. Nilikuwa nampeleka mume wangu hospitali, akasema ana kiu. Nikasimama dukani, nikazima. Niliporudi na chupa ya maji, haikuwaka. Akanywa mafunda mawili, akaegemea mlango huo wako. Tukangoja ipoe. Ilipowaka, hapakuwa tena na haraka."