Kutoka Fiji hadi Honolulu kwa Uzi

Ilikuwa Ijumaa, saa nne na dakika kumi asubuhi, nilipoitwa mbele ya darasa kupima dunia kwa uzi. Niliikumbuka juzi, rafiki yangu, tulipofagia stoo ya shule hapa Maguu nikaikuta ile ramani ya ukutani, mchwa wameila bahari zote.

Nilikuwa kidato cha kwanza, mgeni kutoka ziwani, Mbaha. Kila mwisho wa mwezi mwalimu wa jiografia alipambanisha mkondo A na mkondo B, mwakilishi mmoja mmoja kwa kura. Wanaoshindwa wanachuma kahawa ya shule Jumamosi nzima, na baridi ya milima hii ya Umatengo unaijua, umande unang'ata vidole. Kura ya A ikaniangukia mimi, niliyeona haya hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Nyuma yangu mtu akaguna, "Basi, tutafute vikapu."

Swali: kutoka uwanja wa ndege wa Nadi, Fiji, hadi Honolulu, visiwa vya Hawaii, ni umbali gani? Na ndege ya kilomita 850 kwa saa itatumia muda gani?

Mwakilishi wa B, mvulana mrefu mwenye maneno, alianza. Akavuta uzi kutoka ukingo wa kulia wa ramani hadi wa kushoto, ukapita juu ya Afrika, kaskazini mwa Ziwa Nyasa letu, akausoma kwa skeli ya ramani. "Kilomita elfu thelathini na saba! Saa arobaini na tatu na nusu!" B wakapiga meza. Wenzangu wakaninong'oneza, "Sema kama yeye, iwe sare!"

Nikashika uzi. Akilini nikamwona babu akisuka mgono, ule mtego wa samaki. Huyapanga matete bapa chini kama mkeka, halafu anayakunja mviringo, na tete la mwanzo linakaa bega kwa bega na la mwisho. Nikaitoa ramani kwenye msumari.

"Wee, unaiba ramani?" Darasa likaangua kicheko.

Nikaikunja mviringo kama mgono, ukingo kwa ukingo. Fiji na Hawaii zikawa majirani, kati yao maji tu. Nikapima. Nikasema kitu, hata mimi sikujisikia.

"Rudia, mwanangu," mwalimu akasema.

"Kilomita elfu tano na mia moja! Saa sita!"

Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. "Uzi hausemi uongo," ndivyo alivyozoea kutuambia, "mshikaji ndiye husema." A wakanibeba juu juu hadi uwanjani.

Siku hizi mwalimu yule amehamishwa, na kompyuta ya shule inakupa jibu hujamaliza kuuliza. Ni sahihi, lakini hakuna anayebebwa.

Lakini siku zile, kesho yake, Jumamosi asubuhi, nilipita kando ya shamba na kikombe cha chai ya moto. B walikuwa wameinama kwenye mibuni, wamelowa umande. Yule mvulana mrefu akaita, "Dada Honolulu, njoo utusaidie!"

Nami, nisiyewahi kumjibu mtu, nikapaza sauti hadi bondeni: "Nakuja! Ndege yangu inatua baada ya saa sita!"