Zizi la Mashaka

Oddný Bergsdóttir hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alipokasirika alinyamaza, akaendelea na kazi zake, na hasira yake akaiweka mahali penye baridi ili isioze. Majirani zake katika bonde lile la kaskazini mwa Iceland walidhani ni mpole. Aliyedhani hivyo zaidi ya wote ni Ketill, mwenye shamba la ng'ambo ya mto, na hapo ndipo alipokosea.

Ugomvi wao ulitokana na mwanakondoo. Kama baba yake kabla yake, Oddný alifuga kondoo viongozi, wale wembamba wenye miguu mirefu na rangi za kila namna, ambao hutangulia mbele ya kundi theluji inapofunika njia, wakalirudisha nyumbani. Hawana nyama nyingi, ndiyo maana wafugaji wengi wamewaacha. Jike wa mwisho wa kizazi kile aliitwa Kolbrá, na mwaka mmoja alizaa mtoto mmoja tu, jike, mweusi kama lami. Oddný akamvalisha sikioni hereni ya plastiki yenye namba ya shamba lake, akamkata alama ya nyumba yao, pengo dogo kwenye ncha ya sikio la kulia, kisha akamwachilia apande mlimani na mama yake kula majani ya kiangazi pamoja na kondoo wa bonde zima.

Ilipofika vuli, Kolbrá alishuka peke yake. Katikati ya baridi akafa.

Mwezi wa Mei, Oddný akipita kando ya uzio wa Ketill, alimwona mtoto wa Kolbrá, sasa amekua, anakula nyasi kati ya kondoo weupe. Masikio yote mawili yalikuwa yamekatwa ncha. Hiyo ndiyo alama ya Ketill, alama katili, maana inameza alama yoyote ndogo iliyokuwepo kabla yake. Hereni nayo ilikuwa mpya.

"Huyo ni wangu," Oddný alisema.

Ketill alikuwa ameweka ugoro nyuma ya kiganja. Aliuvuta kwanza, taratibu. "Weusi wote wanafanana, Oddný wangu."

"Wewe hufugi weusi."

"Tazama sikio basi. Alama ya nani hiyo?" Akapiga chafya, akajifuta pua. "Alama ni alama. Nenda nyumbani kanywe kahawa, upoe."

Oddný alikwenda nyumbani. Kahawa alikunywa, lakini hakupoa.

Mwaka huohuo chama cha wafugaji kilinunua lango la kuchambulia kondoo. Tangu zamani, kila Septemba kondoo waliposhushwa milimani, watu waliwakamata kwa pembe mmoja mmoja, wakawasoma masikio, wakawaburuta hadi kwenye zizi la mwenyewe. Siku hizi magoti ya wafugaji yamechoka. Lango jipya lilikuwa na kichochoro chembamba. Kondoo akipita, kifaa kinasoma hereni yake, kamera inatazama rangi yake, na ubao unageuka kumwelekeza zizini kwake. Ila lango lenyewe halikujua lolote. Lilihitaji mtu wa kuliandikia programu, na mkutanoni kila mtu aliangalia viatu vyake.

"Nitaandika mimi," Oddný alisema.

"Wewe?" Ketill alicheka. "Juzi ulishindwa kuwasha simu yako mwenyewe."

"Nitajifunza."

Alijifunza mjini, katika darasa la jioni la Dýrleif, mwalimu kijana ambaye angeweza kuwa binti yake na ambaye hakumwonea huruma hata kidogo. Wanafunzi wenzake walitaka kutengeneza michezo. Oddný alikuwa na jambo moja tu kichwani, na wiki ileile ya kwanza aliliandika: kama mwenye kondoo ni Ketill, basi mpeleke kwenye zizi la waliopotea. Kondoo wote. Mbele ya bonde zima.

Alipoijaribu, kompyuta ilimwonyesha kwamba kila kondoo bondeni ni wa Ketill.

"Hata hii inaiba kwa ajili yake!" Oddný alisema kwa ukali, na darasa zima likageuka.

Dýrleif aliinama juu ya bega lake. "Umeandika alama moja ya sawasawa. Alama moja ni amri: umeiambia kompyuta imfanye Ketill kuwa mwenye kila kondoo. Ukitaka kuuliza kama ni wake, andika mbili. Unauliza au unaamuru?"

"Nauliza."

"Basi uliza vizuri."

Akasahihisha, na programu ikafanya kazi. Kondoo wote wa Ketill walikwenda walikotumwa. Oddný alitazama kioo cha kompyuta kwa utamu ambao hakuwa ameuonja tangu Mei.

"Ketill ni nani?" Dýrleif aliuliza.

"Mwizi."

"Sawa. Lakini mtu yeyote akiisoma hii, ataona mwizi ni wewe. Kompyuta haijui nani amekukosea, Oddný. Inajua masharti tu. Kama una haki, tafuta sharti ambalo hata yeye atalikubali."

Maneno hayo yalimkera kwa siku kadhaa, kwa sababu yalikuwa kweli. Akaifuta ile programu. Akaendelea kuhudhuria masomo, akajifunza kulinganisha kikubwa na kidogo, akajifunza kukanusha. Jioni moja Dýrleif aliandika ubaoni maneno mawili, "na" na "au".

"Ukiunganisha masharti mawili kwa 'na', yote mawili lazima yawe kweli," alisema. "Ukiyaunganisha kwa 'au', moja tu linatosha. 'Na' ni mlango mwembamba. 'Au' ni mlango mpana, na watu huutumia bila kutazama ni nani mwingine atakayepita. Jingine: mkiandika kama hivi, la sivyo kama vile, kompyuta huuliza kwa mpangilio. Ikipata ndiyo ya kwanza, inaishia hapo. Anayefuata haulizwi tena."

Njiani kurudi nyumbani, Oddný alicheka peke yake garini hadi akalazimika kupunguza mwendo.

Mwishoni mwa Agosti wafugaji walikutana kwenye ukumbi wa bonde. Palikuwa na kahawa na maandazi ya kusokotwa. Mbele alikaa Ásgrímur, ambaye kila mwaka huongoza watu wanaokwenda kushusha kondoo, na ambaye kwa kazi hiyo huitwa Mfalme wa Milima. Oddný alifungua kompyuta yake.

"Kila mmoja aniambie kondoo wake tumtambue vipi," alisema. "Hereni peke yake, au hereni na kitu kingine. Maana hereni huanguka. Na huhamishwa."

Neno la mwisho alilisema bila kumtazama mtu.

"Anza na mimi," Ketill alisema. "Kundi kubwa ndilo linalotangulia."

"Utakuwa wa kwanza, Ketill. Haya."

"Hereni yangu, na mweupe. Mimi sijawahi kufuga takataka za rangirangi, wala sitafuga. Kwangu ni theluji tupu!" Watu wakacheka. Wenye kondoo wa rangi walimrushia matusi ya kirafiki, naye akayapokea kama maua. Yule mweusi mmoja alikuwa amekwisha kumsahau. Kwake alikuwa kondoo tu kati ya mamia.

"Nisije nikakosea," Oddný alisema. "Hereni yako 'na' mweupe? Au hereni yako 'au' mweupe?"

"Na! Na! Jamani, huyu anadhani sijui kuongea."

"Na mwenye hereni yako ambaye si mweupe?"

"Atakuwa wa kutiliwa shaka. Mtupe kando, Mfalme amkague."

Ásgrímur aligonga meza kwa kikombe. "Tumesikia wote. Litakuwepo zizi la mashaka. Na siku yenyewe, hakuna kubadilisha sharti kwa kunong'onezana. Anayetaka kubadilisha, aseme kwa sauti."

Siku ya kuchambua ilifika na manyunyu. Watu walisimama kwa sweta zao za sufu kuzunguka mazizi, supu ya kondoo ikichemka, wengine wakiimba tayari, chupa ndogo zikipita mkono kwa mkono. Lango lilifanya kazi kama lilivyofundishwa. Kondoo aliingia kichochoroni, ubao ukagonga, akajikuta kwao. Wazee waliokuja kulicheka walianza kulisifu. Ketill aliegemea ukuta wa zizi lake lililojaa weupe mtupu, ugoro mkononi.

Kisha Oddný alimwona akiacha kuvuta ugoro. Katika uwanja wa kondoo wanaosubiri, kichwa cheusi kilikuwa kinajipenyeza kwenda mbele, kama walivyo kondoo viongozi, ambao hawajui kukaa nyuma.

Ketill alikuja mbio mpaka mezani pake. "Oddný wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Lile sharti langu. Lirekebishe kidogo."

"Nilirekebishe vipi?"

"Ile 'na'. Weka 'au'. Hereni yangu au mweupe. Upesi basi!"

Angeweza kumwambia kwamba alichohitaji ni kuifuta rangi kabisa, ibaki hereni peke yake. Ilikuwa kazi ndogo. Hakumwambia. Alisimama, akafunga mlango wa kichochoro, na yeye ambaye hapigi kelele akapiga.

"Ásgrímur! Ketill anataka 'na' yake iwe 'au'! Hereni yake au mweupe!"

Nyimbo zilikatika. Watu wakageuka.

"Ndivyo, Ketill?" Mfalme aliuliza.

Ketill alitazama nyuso zile, akatazama kile kichwa cheusi. "Ndivyo! Kwani kuna ubaya gani?"

"Mwandikie."

Oddný alifuta neno moja dogo, akaandika jingine, akafungua mlango.

Aliyetangulia alikuwa mweupe wa Ásgrímur mwenyewe. Ubao ukagonga: zizi la Ketill. Akafuata mweupe wa Hallbera, mjane wa shamba la juu: zizi la Ketill. Akafuata mwingine, na mwingine, wenye hereni za kila rangi, wote kwa Ketill, mpaka wakaanza kupandana migongo humo ndani.

"We! Huyo wangu!"

"Na huyo! Ketill, unatupora mchana kweupe?"

"Si mimi, ni mashine!" Ketill alipiga kelele. "Mashine imeharibika!"

"Mashine ni nzima," Oddný alisema. "Ulisema mweupe anatosha. Na ulitaka uulizwe wewe wa kwanza. Kila mweupe wa bonde hili ni wako, kwa kauli yako."

"Kumbe kundi kubwa linapatikana hivi!" mtu mmoja alisema, na kicheko kikapasuka. Hallbera peke yake hakucheka. Alisema, kama anayejisemea, kwamba mwaka juzi wanakondoo wake wawili hawakushuka. Mwingine akakumbuka wake. Kicheko kikafifia, na watu wakaanza kumtazama Ketill kwa namna ambayo Oddný alikuwa ameiota tangu Mei.

"Rudisha 'na'," Ásgrímur aliamuru.

Aliirudisha. Watu waliwatoa weupe wao kwa mikono, wakiwasoma masikio kwa makini kuliko miaka yote. Lango likafunguliwa tena, na aliyejitokeza kichochoroni alikuwa yule mweusi. Ubao uligeuka upande ambao ulikuwa haujageukia siku nzima. Akasimama peke yake katika zizi la mashaka, akatikisa maji kwenye manyoya.

Ásgrímur aliingia, akamshika pembe. "Hereni ya Ketill. Rangi nyeusi. Ketill, huyu ni wako?"

Oddný alimwangalia akitafuta jibu. Akisema ndiyo, ataulizwa mama wa kondoo huyu ni yupi kati ya theluji yake tupu.

"Simjui," Ketill alisema.

"Hereni yako imefikaje sikioni mwake?"

"Nimesema simjui!"

"Nani anamdai?"

"Mimi," Oddný alisema. "Ni mtoto wa Kolbrá."

"Alama yako iko wapi?"

"Kwenye vile vipande vya masikio vilivyokatwa. Mwulize mwenye kisu."

Hakuna aliyeuliza. Ásgrímur alitoa koleo mfukoni, akaikata hereni, akatembea mpaka kwa Ketill na kumwekea kiganjani, juu ya ugoro. "Hii ndiyo yako," alisema. "Oddný, mchukue kondoo wako."

Jioni, watu walipokuwa wanapakia, Ketill alipita karibu na gari la Oddný. "Umeridhika sasa?"

"Bado," Oddný alijibu.

Hakuwa anatania. Mwaka uliofuata yule mweusi alishuka mlimani mbele ya kundi, na mtoto nyuma yake. Lakini kabla ya hapo, mwezi wa Agosti, ulikuwepo mkutano ukumbini, na maandazi, na masharti ya lango ya kupitia. Dýrleif alikuwa amekwisha kumwonyesha Oddný njia ya kuyahifadhi yasihitaji kusomwa upya kila mwaka. Oddný alimshukuru, na hakuitumia.

Alivaa miwani. "Wa kwanza ni Ketill. Hereni yake, na mweupe." Akainua macho. "Bado ni 'na', Ketill?"

Vikombe vilitulia.

"Ni 'na'," Ketill alisema, akitazama meza.

"Sikukusikia, Ketill wangu."

"Nimesema ni 'na'!"

"Ahsante." Akachukua andazi, akalitafuna lote bila haraka. Kisha akaita anayefuata.