Babu Alipokuja na Mkeka Wake

Mwaka jana nikiwa kidato cha tatu, mgongo wa Mama ndio ulikuwa habari ya nyumba yetu. Ulikuwa mwaka wa tatu unamuuma. Asubuhi nilimvalisha viatu kabla sijavaa vyangu, na ndoo ya maji hakuigusa. Baba alishasema mvua zikianza na Mama bado hainami, mimi ndiye nitakwenda kulima shamba letu la Kasekese, shule itasubiri. Hakusema kwa ubaya. Alisema huku anaangalia chini, na hiyo ndiyo iliniogopesha.

Kwa hiyo lilipoanza kundi la mazoezi ya wagonjwa wa mgongo hapa Kawajense, Jumanne na Alhamisi jioni, nilimsindikiza Mama. Aliyefundisha alikuwa dada mmoja mgeni, mchangamfu. Alilaza watu chali kwenye mikeka, wakunje magoti, wainue kiuno, wahesabu mpaka kumi. Wiki ya tano Mama aliinama mwenyewe akaipua sufuria ya maharage. Nilikwenda kulia nyuma ya choo.

Wiki ya sita akaja Babu, mzazi wa Baba. Naye mgongo ulimsumbua, miaka yote ile ya kulima tumbaku. Akatandika mkeka wake mstari wa nyuma, akalala.

Sasa kwetu mkamwana halali chali mbele ya baba mkwe. Hata chakula Mama humtengea akaondoka, wala hawatazamani usoni. Ndiyo heshima yenyewe. Mama akabaki amesimama, kitenge amekikaza kwa mikono miwili.

"Mama yangu, lala basi, tunakusubiri wewe tu," dada akamwambia.

"Leo sijisikii."

"Mvivu huyo!" akadakia jirani wa mstari wa mbele, ambaye hakuwa amemwona Babu. "Jembe unaliogopa, na mkeka nao?"

Watu wakacheka. Babu alikuwa amefumba macho.

Mama akaacha kwenda. Nyumbani alisema amepona. Baada ya wiki mbili nikawa namvalisha viatu tena.

Niseme ukweli. Ilitakiwa nimwambie yule dada awapangie wanaume siku yao. Sentensi moja tu. Lakini mimi hata darasani nikiulizwa huwa naangalia dawati, na majibu ninayo. Nikaenda kwa mtu ninayeweza kuongea naye.

"Karibu mke wangu," Babu akasema, kama anavyoniita siku zote. "Leo umekuja kunipikia au kuniomba talaka?"

"Babu, Mama haendi mazoezi kwa sababu yako."

Utani ukaisha hapo hapo.

"Alikuwa anapata nafuu?"

"Aliipua sufuria."

"Basi mwambie mimi nimeacha, nimechoka kulazwa chini kama mtoto. Usimwambie ulikuja huku."

Alhamisi Mama akarudi kwenye mkeka. Mwezi haujaisha akaanza kuchota maji nusu ndoo. Na mwezi huo huo Babu akaanza kutembea ameshika ukuta. Baba akasema ni uzee. Mama akamwonea huruma, akanituma nimpelekee uji, akashangaa, "Mbona mzee aliacha mapema hivyo, mazoezi yenyewe yanasaidia?" Nikachukua uji nikatoka. Akijua, ataacha tena, na mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika.

Siku moja nikajikaza. Nilimsubiri yule dada mpaka watu wote wakaondoka, anakung'uta mikeka peke yake.

"Karibu mdogo wangu. Una shida?"

Nilikuwa nimeikariri njia nzima: babu yangu anaumwa, mpangie siku yake.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Enhe?"

"Nilikuwa nasalimia tu."

Akanishukuru. Nikamsaidia kukunja mikeka yote, mmoja mmoja, kisha nikapita kwa Babu kumnyanyua kitandani ale.