Kiti cha Mgeni

Sikukuu za mwisho wa mwaka zikikaribia, meneja wetu hufungua sanduku la huduma ya kwanza, huchambua pamba yote kwa vidole vyake laini na kuibandika madirishani iwe theluji, huku sisi tunajipepea kwa mafaili. Theluji yenyewe kaiona kwenye kalenda. "Wenzetu huko," huanza, sauti ikitokea puani, na hapo ujue kazi imelala: wenzetu huko huficha mifagio wachawi wasije wakaipanda, wenzetu huko huweka viatu dirishani vijazwe peremende. Mwaka huu kaja na jipya. Kwenye chakula cha ofisi alitenga kiti kitupu na sahani yake, akaigonga sahani kwa kijiko tunyamaze. "Wenzetu huko humwekea nafasi mtu asiyetarajiwa, yeyote atakayebisha hodi. Huo ndio utu, jamani." Tukapiga makofi, maana njaa ilikuwa inauma. Mara mlinzi wa getini akaingia, kaloa chapachapa kwa mvua. "Hodi, bosi. Na sisi tumo?" Akakivuta kile kiti. Meneja akamshika bega kwa upole, pamba bado imemnasa kwenye masharubu. "Hapo usikae, mzee. Hicho ni cha mgeni."